Kahawa Iliyokwisha Kunywewa

Upepo wa kusini, ambao watu wa Mudanya huuita lodos, ulianza kuvuma tangu alfajiri. Ilipofika alasiri ulikuwa umeshapenya katika mbao za nyumba ya Perihan na kuzifanya zilalamike moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna mtu mzito anayepita chumba hadi chumba bila kutaka kuonekana. Meli za Istanbul hazikuondoka. Mji mzima uliumwa kichwa, na kila aliyemfokea mwenzake siku hiyo alisamehewa kwa kisingizio cha upepo.

Perihan naye alikitumia kisingizio hicho, ila yeye hakumfokea mtu. Alikitumia kwa ajili ya mambo yaliyokuwa yakitendeka nyumbani mwake.

Si kwamba vitu vilipotea. Kitu kikipotea mtu hukitafuta, akakasirika, akakipata, basi. Kilichomtia hofu ni kwamba kazi zake zilikuwa zimeshafanywa. Alikwenda kuloweka maharage, akayakuta yamelowekwa. Alirudi na mkate kutoka kwa mwokaji, akakuta mezani mkate mwingine wa siku hiyo hiyo, umefunikwa vizuri kwa kitambaa chake mwenyewe. Maua ya dirishani aliyakuta yamemwagiliwa hadi vyungu vinafurika. Palikuwa na mtu aliyemtangulia. Mtu huyo alikuwa msafi na mwenye kuijua kazi, na Perihan alimwogopa kuliko mwizi.

Hakumwambia mtu. Wanawake wa mtaani wangesema ni wale viumbe wasioonekana, wenye herufi tatu, ambao hakuna anayewataja kwa jina lao wasije wakaitika. Binti yake Nilay angetaja neno baya zaidi. Angetaja daktari.

Na leo haikuwa siku ya daktari. Leo Saffet alikuwa anakuja kumposa.

Walikutana katika bustani ya chai kando ya gati, yeye mjane aliyechoka kunywa chai peke yake, naye mwalimu mstaafu wa muziki aliyefiwa na mkewe. Saffet alikuwa na namna ya kumtazama ambayo Perihan hakuijua hata ujanani: aliinamisha kichwa kidogo na kunyamaza, kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali na hataki ikatike. Mbele ya macho hayo Perihan alizungumza kuliko alivyowahi kuzungumza maishani. Alimsimulia jinsi alivyoangukia baharini na sare ya shule, akaibuka na begi lake kichwani. Saffet alicheka mpaka akafuta machozi, na kicheko kile kilikaa kifuani mwa Perihan siku nzima kama kaa la moto.

"Mama, lakini kwa umri huu?" Nilay alisema huku akipanga matakia sebuleni. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi. "Mudanya watu hawana kazi. Watatusema mpaka Bursa wasikie."

"Waache waseme. Nilimzika baba yako, sikujizika mimi."

"Na ati mimi ndiye niombwe nikutoe! Umeona wapi mtoto anamwoza mama yake?"

"Baba yangu hayupo, kaka zangu hawapo." Perihan alimrekebisha binti yake ukosi wa blauzi. "Mkubwa wangu aliyebaki ni wewe. Kwa hiyo kaa kikubwa, acha kununa."

Nilay alifungua kinywa, akatazama chini, akakifunga. Kulikuwa na jambo alilolishikilia ulimini tangu asubuhi, na Perihan aliliona, akageuka upande mwingine asilione.

Kengele ikalia.

Behije, dada mkubwa wa Saffet, ndiye aliyeingia kwanza, mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, amekumbatia sinia ya fedha yenye chokoleti kama mtu aliyeokoa mali kwenye moto.

"Tulikuwa tunapita tu," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "upepo ukatusukumia humu! Bi Perihan, shoga, umependeza. Huyu mdogo wangu tangu jana ananyoa ndevu. Nikamwambia, we Saffet, acha, utafika kwenye mfupa."

"Dada, tafadhali," Saffet alisema. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alimkabidhi Perihan maua, na vidole vyao vikagusana chini ya karatasi, mahali ambapo Behije hakuweza kuona wala kutoa maoni.

Wakaketi. Wakaulizana hali ya afya, hali ya meli, hali ya upepo. Kisha Perihan akainuka kama inavyompasa bibi harusi kuinuka, akaenda jikoni kupika kahawa.

Hiyo ndiyo saa aliyoingoja. Siku ya posa binti hutia chumvi katika kikombe cha anayemposa, chumvi ya kutosha kumtoa mtu machozi, na mwanamume hutakiwa ainywe yote hadi chini bila kukunja uso. Akiweza kuimeza hiyo, ataweza kuyameza na ya ndoa. Perihan alikuwa amecheka peke yake asubuhi kwa kuamua kwamba yeye, mwenye mvi zake, ataufanya mchezo ule wa wasichana.

Jikoni palikuwa na hali ya chumba ambacho mtu amekiacha punde hii. Dirisha lilitetemeka. Perihan alinyoosha mkono kwenye rafu ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vikombe vya wageni, na mkono wake ukagusa ubao mtupu.

"Tena!" alinong'ona.

Akaitazama birika ndogo ya shaba. Ilikuwa imelowa. Akaigusa, ikawa na uvuguvugu. Kopo la chumvi lilikuwa wazi mezani, na kando yake kijiko kidogo kilichogandwa na punje nyeupe.

Amenitangulia hata katika hili, aliwaza. Alitaka kumwita Nilay, lakini sebuleni Behije alikuwa anacheka, na haiwezekani bibi harusi kupiga kelele jikoni kwa sababu ya chumvi. Alivuta pumzi. Akachukua vikombe vyeupe vya kila siku. Akapika polepole, akaitazama kahawa inavyojikusanya na kupanda, akaligawa povu kwa haki kwa kila kikombe. Katika kikombe cha Saffet akatia chumvi, akaongeza, akatabasamu licha ya hofu yake. Kisha akanyanyua sinia na kutoka.

"...hapa naona nyumba," Behije alikuwa anasema, akipiga ramli kwa mashapo ya kahawa, macho yake yakiwa ndani ya kikombe alichokiinamisha kwenye mwanga, "na mlangoni wanawake wawili. Mmoja anatoka, mwingine anaingia, na nyuso zao, ajabu, nyuso zao..."

Akanyanyua macho, akamwona Perihan na sinia. Ulimi ambao Mudanya nzima haikupata kuuona umetulia, ukatulia.

Perihan alisimama katikati ya chumba. Mbele ya Nilay palikuwa na kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Mbele ya Saffet, kingine. Cha Behije kilikuwa mkononi mwake, mashapo yamekauka ukingoni kama njia za konokono. Mbele ya kiti chake mwenyewe palikuwa na kikombe kilichonywewa nusu, na kwenye ukingo wake alama ya midomo, ya rangi ile ile aliyojipaka leo.

Aligeuka na kutazama kwenye ujia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Mbao zililia, zikanyamaza. Wazo lililomjia lilikuwa la wazi kabisa na la kichaa kabisa: kuna mwanamke mwingine aliyekuwa bibi harusi katika nyumba yangu, sasa hivi, nami nilikuwa jikoni.

Saffet alikuwa wa kwanza kujisogeza. Alisimama, akachagua kikombe alichoelekezewa na mkono wa Perihan, akaketi, akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka. Alikunywa hadi mwisho, uso wake umetulia kama maji ya kisimani.

"Mikono yako iwe na afya, Perihan," alisema. "Tamu sana."

"Mama," Nilay aliita.

"Ngoja mwanangu, nimpe Bi Behije kabla haijapoa."

"Mama, umeshatupa."

"Nimeshawapa nini?"

"Kahawa. Umetuletea, tumekunywa. Mwalimu kamaliza yake, ukampigia makofi, ukasema hongera hukukunja uso. Umekunywa na wewe. Halafu ukasema unakwenda kutuletea maji." Sauti ya Nilay ilikatika. "Tulikuwa tunasubiri maji, Mama."

Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia, taratibu kwanza, kisha kwa kasi. Behije akainuka kwa wepesi usiotegemewa, akaipokea sinia mikononi mwake. Perihan akarudi jikoni.

Nilay alimfuata, akafunga mlango.

"Nisikilize," alisema kwa kunong'ona. "Naenda kuwaambia nimekataa. Mimi ndiye ninayeombwa, mimi nakataa. Aibu iwe yangu. Waondoke kwa heshima, wewe usiulizwe kitu."

"Kwa hiyo ulikuwa unanuna kwa ajili ya hili. Si watu wa mjini."

"Watu wa mjini nawajali nini mimi? Naogopa siku atakayojua, Mama. Akishakuoa halafu akajua. Ataondoka, nawe hutaelewa kwa nini ameondoka." Alijifuta pua kwa kiganja kama alipokuwa mtoto. "Daktari wa Bursa alikupangia siku. Ukaniambia umekwenda."

"Nilikwenda."

"Hukwenda. Walinipigia simu kuuliza uko wapi."

Perihan aliikumbuka korido ya hospitali. Alivikumbuka viti vya kijani na mwanamke aliyeita jina lake. Alikumbuka kila kitu isipokuwa kwenda.

Mlango ulifunguka taratibu. Saffet alisimama kizingitini, kofia yake mkononi, midomo yake bado nyeupe kwa chumvi.

"Nilay, mwanangu," alisema, "tupishe kidogo."

Nilay alimtazama mama yake. Perihan aliinamisha kichwa kukubali, na binti akatoka.

Walibaki wawili na upepo. Saffet alitaka kumshika mkono. Perihan akaurudisha nyuma.

"Ulijua," alisema Perihan.

"Perihan..."

"Ulijua, sivyo? Ulivyoinuka upesi vile. Wao walishtuka. Wewe hukushtuka."

Saffet aliizungusha kofia mkononi. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kule bustanini. Ile hadithi ya sare ya shule. Ya kuanguka baharini."

"Nilikusimulia. Ulicheka mpaka ukalia."

"Nilicheka kila mara," alisema Saffet kwa upole.

Neno hilo liliingia jikoni na kusimama kati yao. Kila mara. Perihan alishika ukingo wa meza. Aliona zile alasiri za bustanini, ambazo kwake zilikuwa kila moja na uso wake, zikijipanga na kuwa uso mmoja tu, na ndani ya kila moja mwanamke yule yule akianguka kwenye maji yale yale, na mwanamume akicheka kwa wakati ule ule.

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unaisimulia kwa furaha. Kila mara furaha mpya. Ningeanzaje kukuambia acha? Nilidhani ndiyo mapenzi. Mtu anameza, anatabasamu."

"Kama kahawa ya leo."

"Ndiyo. Kama kahawa ya leo. Ningekunywa hata ya tatu."

"Ungekunywa!" Sauti yake ilipanda ghafla, na sebuleni mtu alikohoa. "Mnakunywa wote, mnatabasamu wote, halafu mimi mnaniacha na yeye!"

"Na nani?"

Perihan hakuwahi kulitamka. Aliona kwamba akilitamka litakuwa kweli, na akaona kwamba limeshakuwa kweli bila yeye kulitamka.

"Kuna mwanamke humu ndani, Saffet. Ananitangulia. Analoweka maharage yangu, anamwagilia maua yangu. Leo amevaa rangi yangu ya midomo, amekaa na wewe, umemnywea kahawa, amekupigia makofi. Yeye ndiye aliyeposwa. Mimi sikuwepo. Nilimwogopa nikidhani ni katika wale wasiotajwa. Nikalala taa zikiwaka. Leo nimemjua ni nani, na sasa ndiyo namwogopa kweli. Maana yule mwingine ungemsomea dua akatoka. Huyu atatoka aende wapi?"

Machoni mwa Saffet Perihan aliona kile ambacho hakutaka kukiona, huruma, na chini ya huruma, kwa kina zaidi, hofu kama yake. Hofu ile ndiyo iliyomlainisha. Huruma ya mtu humwacha aliye chini palepale alipo. Hofu yake huwa inakaa pamoja naye.

"Nenda zako," alisema, lakini bila nguvu. "Wewe umeshauguza mke mmoja. Nenda katafute mjane mwenye akili zake. Wamejaa Mudanya, wanashona tu."

"Siwataki wa kushona."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Jumatatu tutapanda basi twende Bursa kwa huyo daktari. Tutaingia wote, tutatoka wote. Atakalosema, atalisema mbele yangu. Lakini posa yangu siiondoi. Kama unanikataa, nikatae wewe. Si yule mwingine, si Nilay. Wewe."

Dirisha lilitikiswa kwa nguvu, kisha likaachiwa. Perihan alimtazama mwanamume huyu mwenye masikio mekundu na shati lililopigwa pasi na dada yake, na akahisi moyo wake ukimwendea, mzito, polepole, kama mtu anayevuka chumba chenye giza huku akipapasa kuta.

"Basi usinimezee tena," alisema kwa ukali. "Hilo ndilo sharti langu. Ukiona nimerudia, niambie. Mbele ya watu, mbele ya dada yako na mdomo wake ule, siku ya harusi yenyewe. Nikilia, nilie. Lakini usiniache peke yangu nikidhani mambo ni sawa. Unasikia?"

"Nitakuumiza."

"Niumize!"

Saffet alivuta pumzi ndefu. "Nimesikia. Nimekubali."

Kwa kitambo walisimama hivyo. Nje lodos ikakatika ghafla, kama inavyokatika kabla ya mvua, na mji wote ukawa kimya. Milango haikugonga. Mbao hazikulia. Mwanga uliokuwa wa njano kwenye vigae ukageuka kijivu. Perihan alisikiliza ukimya ule. Kulikuwa na kitu kinachomjia kutoka ndani, kizuri na kipya, uamuzi kamili, naye akastaajabu kwamba hakuwa amewahi kuufikiria. Alimgeukia Saffet, uso wake umenawiri.

"Saffet," alisema kwa utulivu, "kuna jambo moja nataka kukuomba kabla hatujaingia ndani."

"Niambie."

"Usinimezee mambo. Ukiona nimerudia, niambie, hata kama ni mbele ya dada yako."

Damu ilimwondoka Saffet usoni. Perihan aliona koo lake likipanda, kama la mtu aliyeshika kikombe kichungu midomoni, na hakuelewa ni kwa nini ombi dogo kama lile limfanye mtu awe hivyo. Sekunde ile ilikuwa ndefu. Kulikuwa na tabasamu lililoanza kujitengeneza kwenye midomo ya Saffet, tabasamu jema, la kumtuliza. Kisha tabasamu likafa kabla halijakamilika.

"Umeshaniomba, Perihan," alisema. "Sasa hivi. Umesimama hapo hapo. Nami nimeshakubali."

Perihan alirudi nyuma akilini kuitafuta dakika hiyo. Hakuikuta. Hakukuta hata pengo lake, ni ukuta laini tu, usio na mlango wala alama ya mlango. Akamtazama Saffet. Machozi yalikuwa yanamtoka mwanamume yule waziwazi, na hakuyafuta, wala hakuyaondoa macho yake kwake.

"Nilisemaje?" aliuliza hatimaye.

"Maneno hayo hayo. Ila mara ya kwanza ulinifokea."

"Nilikufokea sana?"

"Nadhani hata kwa mwokaji wamesikia."

Kitu fulani kilimfunguka Perihan kooni. Hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka kilipotoka, na kikawa vyote viwili. Alifungua aproni, akaitundika msumarini. Akautwaa mkono wa Saffet, akaubana kwa nguvu ya mtu aliyekwisha kuchagua.

"Twende ndani," alisema, "kabla dada yako hajamposa Nilay."